Neno Mbele ya Muziki: Uhakiki wa Kazi ya Walter Damrosch Redioni

1. Utangulizi

Mtu anayesema kabla ya muziki kupigwa ana kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Akisema machache, msikilizaji mgeni hubaki nje ya mlango. Akisema mengi, msikilizaji huondoka na maneno na muziki ukabaki nyuma. Kwa muda wa miaka 14, tangu 1928 hadi 1942, Walter Damrosch aliifanya kazi hiyo katika redio ya Marekani mbele ya watoto wa shule waliohesabiwa kwa mamilioni. Alipokuwa bado anaifanya, mwanafalsafa Theodor W. Adorno aliichambua na kuihukumu kwa ukali. Hukumu hiyo haikuchapishwa kwa ukamilifu hadi 1994, wakati wote wawili, mshtakiwa na mshtaki, walikuwa wamekwisha kufariki siku nyingi.

Makala hii yakusudia kueleza kwa ufupi maisha na kazi ya Damrosch, kisha kuipima hukumu ya Adorno. Swali lenyewe si la muziki wa Ulaya peke yake. Ni swali la kila mtu aliyepewa jukumu la kufafanua sanaa mbele ya hadhira isiyoizoea: je, ufafanuzi huifungua kazi ya sanaa, au hukaa mahali pake?

2. Maisha kabla ya redio

Walter Damrosch alizaliwa tarehe 30 Januari 1862 katika mji wa Breslau, uliokuwa wakati huo katika ufalme wa Prussia na ambao leo ni Wrocław nchini Polandi. Baba yake, Leopold Damrosch, alisomea udaktari lakini akauacha kwa ajili ya muziki. Alipiga fidla katika okestra ya Weimar chini ya Franz Liszt, na alikuwa miongoni mwa marafiki wa Richard Wagner. Mama yake, Helene von Heimburg, alikuwa mwimbaji wa opera. Mwaka 1871 familia ilihamia New York. Huko Leopold aliunda Oratorio Society mwaka 1873, na New York Symphony Society mwaka 1878.

Mwezi wa Februari 1885, katikati ya msimu wa opera za Kijerumani aliouongoza katika Metropolitan Opera, Leopold aliugua ghafla akafa. Mwanawe Walter, kijana wa miaka 23, ndiye aliyepokea kijiti cha uongozi. Tangu siku hizo maisha yake yalifuata njia moja: kuwaletea Wamarekani muziki ambao wengi wao hawakuwa wameusikia, na kuwatafuta watu wa kuulipia. Alipokutana na tajiri Andrew Carnegie safarini baharini mwaka 1887, mazungumzo yao yaliandaa njia ya kujengwa kwa ukumbi ambao leo waitwa Carnegie Hall. Ukumbi huo ulifunguliwa mwezi wa Mei 1891, naye Tchaikovsky mwenyewe alialikwa kuja kuongoza baadhi ya kazi zake. Miaka mitatu baadaye Damrosch aliongoza simfonia ya sita ya mtunzi huyo kwa mara ya kwanza nchini Marekani.

Damrosch alikuwa mtunzi pia. Opera zake, kama vile The Scarlet Letter ya 1896 na Cyrano de Bergerac ya 1913, zilipigwa jukwaani lakini hazikudumu. Wala hakuhesabiwa miongoni mwa viongozi wa okestra wenye kipaji cha juu kabisa cha zama zake. Kipaji chake kilikuwa kingine: alijua kusema na watu. Alizoea kugeuka kutoka kwa wanamuziki wake, akawatazama wasikilizaji na kuwaeleza watakachosikia. Jambo hilo, ambalo kwa wengine lilikuwa nyongeza tu, kwake lilikuwa nusu ya kazi.

Matukio mawili ya mwaka 1925 yaonyesha tabia hiyo vizuri kuliko maelezo marefu. Mwezi wa Januari aliongoza simfonia ya kijana Aaron Copland, ambamo Nadia Boulanger alipiga kinanda kikubwa. Muziki ulipokwisha, Damrosch aliwageukia wasikilizaji akawaambia kwa mzaha kwamba kijana awezaye kuandika kazi kama hiyo katika umri huo, baada ya miaka mitano atakuwa tayari kuua mtu. Watu walicheka, na Copland aliukumbuka mzaha huo maisha yake yote. Mwezi wa Desemba mwaka uleule, aliongoza konseti ya piano ambayo yeye mwenyewe alimwagiza George Gershwin aiandike. Katika kuieleza, alilinganisha jazi na bibi aliyezungukwa na wachumba wengi wasioweza kumwinua, hadi Gershwin alipomshika mkono na kumwingiza katika jamii ya watu wa heshima.

Matamshi yote mawili yalikuwa na nia njema. Katika lile la kwanza, Damrosch aliwaomba radhi wazee waliokerwa na sauti ngeni. Katika lile la pili, aliwaombea ruhusa ya kufurahia kile walichokidharau. Hata hivyo, msomaji wa leo hawezi kupita mbali na mfano wa bibi bila kusita. Jazi ilikwisha kuwa na wazazi wake, nao walikuwa Wamarekani weusi. Haikuwa ikingoja mlangoni ili ipewe heshima na mtu mwingine. Msemaji alimpamba mgeni kwa mavazi ya mwenyeji ndipo akamkaribisha. Tabia hii ya kuombea sanaa kibali haina budi kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo aliyoingia nayo katika chumba cha redio.

3. Kipindi na utaratibu wake

Kampuni ya utangazaji ya NBC ilipofungua matangazo yake usiku wa tarehe 15 Novemba 1926, okestra ya Damrosch ilikuwa miongoni mwa waliopiga. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa mshauri wa muziki wa kampuni hiyo. Mwaka 1928 okestra aliyoirithi kwa baba yake iliunganishwa na ile ya Philharmonic, naye, akiwa mzee wa miaka 66, alianza kazi mpya iliyompatia umaarufu kuliko zote zilizotangulia. Kipindi kiliitwa Saa ya Kuthamini Muziki, kikitangazwa asubuhi ya Ijumaa, saa za masomo, ili madarasa yasikilize pamoja.

Utaratibu wake ulikuwa wa shule kamili. Masomo yaligawanywa katika mafungu manne kwa kufuata umri, yakaitwa A, B, C na D, kila moja nusu saa, mawili kwa wiki moja na mawili kwa wiki iliyofuata. Fungu A liliwatambulisha watoto wadogo kwa ala za okestra. Fungu B lilionyesha jinsi muziki unavyoweza kuchora picha na kueleza hisia. Fungu C lilifundisha miundo ya muziki, na fungu D lilihusu maisha na kazi za watunzi wakuu. Walimu walipelekewa kitabu cha mwongozo, wanafunzi walikuwa na daftari la mazoezi, na mwishoni palikuwa na maswali ya kupima walichokishika. Okestra ilikuwemo studioni, ikipiga mifano papo hapo. Damrosch alifungua kila somo kwa salamu ya baba kwa wanawe wapendwa, na salamu hiyo ikawa alama yake nchini kote.

Inafaa kusema pia kwamba RCA, kampuni mama ya NBC, ilikuwa ikiuza redio, na shule isiyokuwa na redio ilikuwa soko. Elimu na biashara zilikaa kiti kimoja. Lakini si haki kuishia hapo. Mtoto wa kijiji cha mbali, ambako hakuna okestra iliyowahi kufika, alisikia obo ikilia peke yake, kisha akaambiwa jina lake, kisha akaisikia tena ndani ya kundi zima. Kabla ya redio jambo hilo lilikuwa la watoto wachache wa miji mikubwa tu. Damrosch aliendelea nalo hadi 1942, alipokuwa na umri wa miaka 80. Alifariki New York mwezi wa Desemba 1950.

4. Hukumu ya Adorno

Theodor W. Adorno alifika New York mwaka 1938, akikimbia utawala wa Hitler. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1903, akajifunza utunzi wa muziki Vienna kwa Alban Berg, na alikuja Marekani kushiriki katika mradi wa utafiti wa redio ulioongozwa na Paul Lazarsfeld. Hivyo mhakiki na mhakikiwa walitoka katika utamaduni mmoja wa Kijerumani, ila walitenganishwa na miaka 67 ya kuhama. Damrosch aliutoa muziki huo Ulaya uliponawiri. Adorno aliutoa ulipokuwa umetekwa na wauaji. Mmoja aliuona kuwa urithi wa kugawa, mwingine aliuona kuwa ukweli ulio hatarini.

Adorno alivichukua vitabu vya mwongozo vya kipindi hicho na kuvisoma kama mhakiki asomavyo matini. Mashtaka yake yaweza kufupishwa katika mambo matatu. Kwanza, kipindi kilifundisha kutambua badala ya kuelewa: mtoto alisifiwa kwa kuweza kutaja ala, mahadhi au jina la mtunzi, na furaha ya muziki ilifanywa kuwa kitu kimoja na furaha ya kutambua. Pili, kazi nzima ilikatwakatwa kuwa vipande vya kukumbukwa, kana kwamba simfonia ni mfuko wa nyimbo fupi. Tatu, watunzi waligeuzwa kuwa mashujaa wa kuabudiwa, na kuwajua kukawa mali ya kujivunia, kama mtu anavyojivunia samani nzuri nyumbani. Kwa jumla, alidai, watoto hawakufundishwa muziki, bali walizoezwa kuwa wateja wa jina lake.

Hakuwa peke yake katika mashaka hayo. Mtunzi na mhakiki Virgil Thomson, katika kitabu chake cha 1939, naye aliishambulia biashara yote ya kufundisha watu kuthamini muziki, akaiona kuwa ulaghai wenye faida. Tofauti ni kwamba Thomson alikejeli, na Adorno alichambua.

5. Kuipima hukumu

Uzito wa shtaka la kwanza waweza kupimwa kwa mfano wa simfonia ya tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwezi wa Desemba 1808. Yaanza kwa noti nne, tatu fupi na moja ndefu. Hakuna mahadhi mepesi kuyatambua kuliko hayo. Mtoto wa miaka minane huyashika kwa dakika moja. Lakini noti nne hizo, zikiwa peke yake, karibu si kitu. Maana yake imo katika yanayozipata: zinavyorudiwa, zinavyopandishwa na kushushwa, zinavyojificha chini ya mahadhi mengine, na zinavyorejea kwa sura mpya katika sehemu ya tatu, hadi giza la mwanzo linapopasuka na tromboni, zilizokuwa kimya muda wote, kuingia katika sehemu ya mwisho. Aliyezitambua noti nne anajua ni nani aliyebisha hodi. Bado hajaingia nyumbani.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atalielewa jambo hili bila taabu. Mtu aweza kufundishwa kuhesabu mizani, kutaja vina vya kati na vya mwisho, kusema huu ni utenzi na lile ni shairi la tarbia, na hata kusimulia maisha ya mshairi, naye asiwe amesoma shairi hata moja kwa maana ya kulifuata linavyokwenda. Ujuzi huo si batili, lakini ni ujuzi wa mlangoni. Hapa Adorno ana haki. Maswali ya daftari yaliweza kupima kile tu chenye jibu moja, na kinachopimwa ndicho ambacho mwisho hufundishwa.

Lakini hukumu yake ina ufa, na ufa huo uko katika njia aliyoifuata. Adorno aliegemea zaidi vitabu vya mwongozo, na kwa vitabu hivyo akaihukumu sanaa ya sauti. Wahakiki wa fasihi simulizi walikwisha kuliona kosa hilo mahali pengine: ngano iliyoandikwa si ngano iliyotambwa. Katika utambaji kuna fanani, kuna hadhira, kuna pumzi na ukimya, kuna wakati wenyewe wa tukio. Redioni, baada ya maneno ya Damrosch, okestra ilipiga. Hakuna kitabu cha mwongozo kiwezacho kuzuia sikio la mtoto lisivuke mipaka ya swali aliloulizwa. Darasa liliweza kuelekezwa kuwinda mahadhi ya pili, na mtoto mmoja wa dirishani akapatwa na jambo ambalo mwalimu, Damrosch na Adorno hawakulipanga. Hadhira si gunia la kujazwa. Jambo hili Adorno hakulipa nafasi ya kutosha.

Je, basi, sauti yamwokoa Damrosch? Kwa sehemu tu. Utetezi wa fanani una makali pande mbili. Ikiwa sauti, na si karatasi, ndiyo ya kuhukumiwa, basi yafaa ihukumiwe sauti ileile iliyosikika mwaka 1925: sauti ya baba mwema anayeombea muziki kibali. Mzaha juu ya Copland uliwaondolea wasikilizaji taabu ya kusikia upya. Mfano wa bibi uliwaondolea taabu ya kuulizana jazi imetoka wapi. Na salamu kwa wanawe wapendwa iliahidi kwamba hakuna litakalowatisha. Upole huo ulikuwa kipaji chake, na ndio uliokuwa pia mpaka wake. Muziki wa Beethoven ni mgumu kwa sababu una jambo gumu la kusema. Anayemhakikishia mtoto mapema kwamba yote ni rafiki, humnyima kitu ambacho hata mtoto anakistahili.

Kwa hiyo kosa la Damrosch halikuwa kusema. Kosa lilikuwa kwamba neno lake liliishia mapema: lililitaja jina la msafiri, likaiacha safari. Na kosa la Adorno lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa neno liliishia pale, na usikivu nao uliishia palepale.

6. Hitimisho

Kesi hii ya zamani ingali na maana, kwa sababu kazi ya Damrosch haikufa pamoja naye. Kila mwalimu asimamaye mbele ya wanafunzi wasioijua kazi atakayoisoma ni mtangazaji wa aina yake. Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili jambo hili hutokea mara nyingi: muhtasari wa tamthilia husomwa badala ya tamthilia, orodha ya dhamira hukaririwa badala ya riwaya, na utenzi uliotungwa kwa sauti hufundishwa kimya kimya ubaoni, ukiwa umegawanywa katika maudhui na fani. Mtihani hupima orodha, na orodha huwa ndiyo somo. Shtaka aliloliandika Adorno juu ya watoto wa Marekani laweza kusomwa katika madarasa hayo bila kubadilishwa sana.

Lakini jibu si mwalimu anyamaze. Anayeambiwa asikilize tu, bila kupewa pa kuanzia, mara nyingi hasikii kitu, na ukimya wa mjuzi ni upendeleo kwa wale waliokwisha kujua. Hilo Damrosch alilielewa kuliko mhakiki wake, naye alitumia miaka 14 ya uzee wake kulitendea kazi. Linalobaki ni kipimo cha neno lenyewe. Ufafanuzi ulio mwema hujulikana kwa alama moja: baada ya kuusikia, mtu hutamani kuirudia kazi yenyewe, si kumrudia mfafanuzi. Kwa kipimo hicho, Damrosch alifaulu pale alipomsikilizisha mtoto obo ikilia peke yake kisha akamwachia okestra nzima. Alishindwa pale alipomkabidhi jina na alama, akamwambia kwamba amekwisha kufika.